Mzee Ishirini Anakabidhi Funguo za Masjala

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, karani mkuu wa masjala ya hospitali yetu atafunga ule mlango wa chuma kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi. Atakayepokea funguo bado hajulikani. Barua ya kuomba mtu wa kushika nafasi yake imepelekwa mara tatu, na mara zote tatu tumejibiwa kwamba imepokelewa. Tunaanza na hilo kwa sababu hata yeye angeanza nalo.

Wengi mnamjua kwa jina la Mzee Ishirini. Walioajiriwa karibuni wanadhani ana watoto ishirini, au aliwahi kuvaa jezi yenye namba hiyo. Ana watoto wawili tu, na mpira hajui hata unachezwa na watu wangapi. Jina alilipata kwa kuichukia namba ishirini, na tuliompa ni sisi wauguzi wa wodi ya wanawake, tukiwa na hasira naye. Kumpenda kulikuja baadaye. Matroni alipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu alinishika mkono kwenye korido akaniambia, "Andika wewe, maana hakuna aliyegombana naye kama wewe." Nimeandika vipande vipande, kati ya zamu na kunyonyesha. Mkikuta mahali maneno yameruka, jueni mtoto aliamka.

Alianza kazi kama tarishi, kijana mwembamba wa kubeba mafaili kutoka mapokezi kwenda wodini. Baada ya miaka sita akapewa meza ndani ya masjala, kile chumba cha chini ya ngazi chenye dirisha moja linalotazama kamba za kuanikia mashuka. Meza ilikuja bila kiti. Akaokota kigoda chenye magurudumu kilichotupwa na kliniki ya meno, akakikaza skrubu, na tangu siku hiyo huendi naye popote ndani ya chumba kile bila kusikia kwii, kwii, kwii kati ya rafu na rafu.

Sheria yake ilikuwa moja: chai haivuki mlango. Daktari wa upasuaji, mtu mzima mwenye mvi na heshima zake, aliwahi kusimamishwa pale nje kama mwanafunzi mchelewaji mpaka akamaliza kikombe. Siku nyingine alikuja mgonjwa aliyelazwa kwetu miaka kumi na mmoja nyuma, hana kadi, hana namba. Mzee hakumuuliza jina. Alimuuliza, "Ulilazwa kipindi cha mvua au cha jua? Na nani alikuja kukuchukua siku ya kutoka?" Dakika nne baadaye faili lilikuwa mezani, likipanguswa vumbi kwa mkono wa sweta. Sweta hiyo huivaa hata siku ambayo sisi wengine tunatafuta mahali pa kupumulia.

Sasa nije kwenye ishirini.

Miaka minane iliyopita wizara ilituletea waraka. Serikali ilikuwa imeamua kupunguza vifo vya sepsis katika hospitali zake zote. Kwa ndugu zetu wa jikoni, wa ulinzi na wa kufua, ambao nao husoma jarida hili: sepsis huanza na jambo dogo, kidonda, kifua, mkojo au uzazi, halafu maambukizi yanauvuruga mwili mzima mpaka figo, mapafu na moyo vinaanza kushindwa kazi. Ukiigundua mapema na kutoa dawa ndani ya saa ya kwanza, wengi wanapona. Ukichelewa, unaanza kutafuta ndugu wa mgonjwa kwenye benchi la nje.

Basi yakaja mabango, ikaja semina yenye mikoba na kalamu, ikaja fomu mpya yenye visanduku vya joto, mapigo, presha, mkojo, fahamu na pumzi. Masjala ikaagizwa kutoa mafaili ya wote waliofariki kwa maambukizi mwaka uliotangulia, ili idadi yao ipelekwe wizarani. Kazi ya asubuhi moja: hesabu, andika, tuma. Mzee aliyatoa mafaili sitini na moja, akayahesabu, halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Akayasoma.

Siku ya tano aliingia kwenye kikao cha asubuhi akisukuma toroli la mafaili. Madaktari walikuwa wamekaa mbele, sisi tumesimama nyuma tumeegemea ukuta. Akasema, "Samahani wakubwa, nina swali la kikarani. Hawa watu sitini na mmoja walikuwa na magonjwa mbalimbali, umri mbalimbali, wengine wanene, wengine mifupa mitupu. Mbona hamsini na saba wote walikuwa wanahema sawasawa?"

Akafungua la kwanza. Pumzi kwa dakika: ishirini. La pili, ishirini. La tatu, mtu aliyekuwa amebakiwa na pafu moja, ishirini asubuhi, ishirini mchana, ishirini jioni. Kisha akainua faili la mwisho. "Na huyu mama amefariki saa nne asubuhi. Lakini saa sita mchana chati inasema alikuwa anahema vizuri tu, ishirini. Kunizidi hata mimi niliyetoka kupanda ngazi."

Tulicheka. Nakiri tulicheka. Halafu mganga mkuu akauliza kwa ukali, "Mzee, wewe ni karani au daktari?" Naye akajibu bila kupandisha sauti, "Karani, mkuu. Ndiyo maana nasoma."

Kila muuguzi aliyekuwa pale alijua jibu la swali lile. Joto lina kipimo chake, presha ina mashine yake, lakini pumzi haina chombo. Inakutaka usimame kando ya kitanda, utazame kifua kikipanda na kushuka, uhesabu dakika nzima. Wagonjwa thelathini na wanane ni dakika thelathini na nane, na sisi tulikuwa wawili, dripu zimekwisha, mtu anatapika, simu inalia. Mtu mzima mwenye afya hayuko mbali na ishirini, kwa hiyo ishirini haina kesi. Unaandika, unapita. Tulijifunza kwa waliotutangulia na hatukuona kwamba ni uongo. Ilikuwa kama kuandika tarehe.

Lakini kuhema haraka ni moja ya dalili za mwanzo za sepsis. Mara nyingi hutangulia presha kushuka. Mlango wenyewe wa kumwona mgonjwa anayeondoka, sisi tulikuwa tumeubandika karatasi imeandikwa ishirini.

Nilimfuata masjala mchana huo huo nikiwa nimevimba. Nikamwambia, "Mzee, wewe umekaa kwenye kigoda chako unatuhesabia makosa. Njoo wodini uhesabu wewe!" Akaniangalia juu ya miwani. "Saa ngapi, mwanangu?" Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa mlangoni mwa wodi na sweta yake, saa ya mkononi ameishika kiganjani kama yai.

Alipata tabu, nasi tulifurahi kumwona akipata tabu. Mgonjwa wa kwanza alipoona anatazamwa alianza kuhema kama anapigwa picha. Wa pili alimuuliza, "Baba, mbona unanitolea macho hivyo, nakufa?" Wa tatu alimsimulia habari za mkwewe dakika nzima, hesabu ikapotea mara tatu. Siku ya pili akaja na mbinu: anamshika mgonjwa kifundo cha mkono, kana kwamba anasikiliza mapigo, kisha macho yanakwenda kifuani. Mgonjwa anatulia, anahema kwa kawaida yake. Wanafunzi wa uuguzi hufundishwa hivyo shuleni, nasi tulifundishwa na tukasahau. Yeye aliigundua mwenyewe, akaja kutuonyesha kwa fahari kubwa, na hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia.

Tulihesabu wiki mbili. Wiki ya tatu mikono ikarudi ilikozoea.

Hapa naandika jambo langu, na Mzee anajua ninaliandika. Kitanda cha tisa alilazwa mama aliyejifungua siku nane nyuma. Mama yake mzazi alikuwa nje na kichanga, akimletea wakati wa kunyonya. Saa nane mchana nilipita na chati. Joto limepanda kidogo, presha si mbaya. Pumzi nikaandika ishirini, nikaenda kitanda cha kumi. Saa kumi na moja daktari wa zamu alimkuta anahema mara thelathini na sita, hatambui mtu. Dawa ilianza saa kumi na mbili kasoro. Alifariki kesho yake mchana, kichanga kikiwa mgongoni kwa bibi yake.

Siku mbili baadaye Mzee alinikuta kwenye chumba cha chai. Aliacha kikombe chake nje, kwa mazoea. Akaweka faili mezani, mbele yangu, limefungwa. "Mwanangu, hili ni lako. Fomu ya wizara itasema alikuwa na sepsis na pumzi hazikuhesabiwa. Haitakutaja, na mimi sitakutaja. Kama kuna wa kusema, ni wewe." Akaondoka. Hakunigombeza, na ningemshukuru kama angenigombeza.

Kikao cha asubuhi iliyofuata nilisimama nikasema. Nilipomaliza, muuguzi aliyekuwa karibu nami akasema, "Hata mimi jana, kitanda cha tatu." Kisha mwingine. Matroni akavua miwani, akaifuta, akasema kuanzia siku ile asiyehesabu aache kisanduku wazi. Kisanduku kitupu kitaonekana, na kikionekana kuna mtu atapita kuhesabu. Ishirini ya kubuni haionekani. Sheria hiyo bado ipo wodini kwetu, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya sinki.

Mnadhani baada ya hapo tulipongezwa. Mwaka uliofuata idadi yetu ya vifo vya sepsis ilipanda kutoka sitini na moja hadi tisini na nne. Si kwamba watu walikufa zaidi. Zamani wengi wao waliandikwa "homa" au "moyo kusimama", na sasa tulikuwa tunawaona. Lakini jedwali la wizara halikujua hivyo. Tukawa wa mwisho kabisa. Simu zikaanza kupigwa. Mganga mkuu, ambaye ni mtu mwema na Ijumaa atakaa meza ya mbele akicheka na sisi, alikuwa amebanwa kotekote. Akamwita Mzee akamwomba mafaili thelathini yarudishwe kwenye "homa", kimya kimya, ili hospitali ipumue.

Mzee akasema hapana. Akasema, "Mkuu, nikifuta hapa hawafufuki. Na wanaokuja nyuma yao watawekwa wapi?"

Wiki ile ile alihamishiwa stoo ya magodoro. Mtu wa miaka ishirini na saba kazini! Alikwenda na kigoda chake, kwii, kwii, mpaka nyuma ya jengo la kufulia. Alikaa huko miezi minne. Mwisho wa kila mwezi alituma ripoti kama alivyotakiwa, kwa mwandiko wake ule uliosimama wima: "Magodoro mia mbili na kumi na mawili. Hakuna linalohema." Ripoti hizo matroni amezihifadhi, na Ijumaa atazisoma zote nne, mpende msipende.

Mwezi wa tano walikuja wageni watatu kutoka wizarani. Walikuwa wamezunguka hospitali nyingi wakitafuta kwa nini mpango unakwama. Walifungua chati zetu wakasimama. Kumi na saba. Ishirini na sita. Kumi na tisa. Thelathini na moja. Kisanduku kitupu, halafu ishirini na nne kwa mwandiko mwingine. Mama aliyeongoza msafara akauliza, "Hapa nani anahesabu?" Matroni akajibu, "Yuko stoo, mama."

Wakamfuata huko huko. Walimkuta katikati ya magodoro, na sijui walizungumza nini, ila walikaa saa mbili na wakarudi wote wana sufi kwenye nguo. Baada ya hapo mambo yalisogea. Polepole, kwa barua na kukumbushana, lakini yalisogea. Tuliongezewa wauguzi wawili kila zamu. Antibiotiki za kuanzia zikawekwa kwenye kabati la wodi yenyewe, hatukimbilii tena dirisha la famasia na kukuta limefungwa. Toleo jipya la fomu likaja na kisanduku kidogo kando ya pumzi: "Umehesabu dakika nzima?" Wizara haikuandika wazo ni la nani. Mzee alilalamikia jambo moja tu, kwamba herufi ni ndogo mno kwa macho ya watu wa rika lake. Akarudishwa masjala, na mganga mkuu ndiye aliyemsukumia kigoda kurudi. Tulishuhudia.

Mwaka jana walifariki thelathini na wanane. Tumepunguza, na hizi ni namba za kweli. Mzee hapendi tuzipigie makofi. Husema thelathini na wanane wanaweza kujaza wodi yetu nzima, kitanda kwa kitanda.

Nyumbani nako hajatulia. Mkewe, ambaye ni shangazi yetu sote kwa jinsi anavyotuletea maneno, analalamika kwamba wageni hawaji tena, maana mzee anawashika mkono kuwasalimia na hawaachii mpaka dakika iishe. Ametutumia ujumbe: "Mtu wangu nirudishieni. Saa yake mbaki nayo."

Nasi hatujatulia, tusifichane. Mwezi ujao zinakuja kompyuta. Sehemu ya pumzi kwenye kompyuta hairuhusu kuachwa wazi. Usipoweka namba, ukurasa haufunguki. Kwenye majaribio wiki iliyopita, muuguzi mgeni, binti mzuri na mchapakazi, alibanwa na kazi, na vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye mbili na sifuri. Hakufundishwa na mtu. Nilimwona nikajiona. Matroni ameandika kuomba kisanduku kiruhusiwe kubaki kitupu. Barua imepokelewa.

Kwa hiyo wiki hii Mzee amekuwa akizunguka wodini kila siku, mafaili ya kuhamishia kwenye kompyuta ameyaacha yanamsubiri. Anapekua chati moja moja. Jumanne alifika kwetu saa tano asubuhi, akafungua ya kitanda cha nne, akaganda. Ishirini. Akageuka taratibu. "Ya nani hii?"

"Yangu, Mzee," nikasema.

Alienda mpaka kitanda cha nne, akamsalimia yule bibi aliyelazwa, akamshika kifundo cha mkono, akainua saa. Wodi nzima ilisimama. Binti mgeni alikuwa na dripu mkononi, hakuitundika. Dakika ile ilikuwa ndefu kuliko dakika zote nilizowahi kuhesabu, na nyie mnajua nimehesabu nyingi. Ilipoisha, akaanza tena upya. Dakika ya pili. Bibi akamuuliza, "Baba, kuna tatizo?"

"Hakuna, mama," akasema. "Ni ishirini kweli."

Akacheka mpaka akavua miwani. Sijawahi kumwona akicheka hivyo. Kisha akairudisha chati mahali pake, akaninyooshea kidole. "Hiyo ni moja. Na ya saa kumi na mbili jioni?"

Baba yetu, ahsante. Ahsante kwa kutusoma wakati sisi wenyewe hatujisomi, kwa kutonitaja na kwa kutoniachia. Nenda kapumzike pale nyumbani, uwashike watu mkono na uwaachie upesi, shangazi akutengenezee chai na uinywe ndani, mlango wowote uupendao. Afya iwe nawe, siku ziwe nyingi, na miguu isichoke kukuleta kututembelea.

Huyo atakayepokea funguo hatumjui bado. Zitakaa kwa matroni. Lakini Jumatatu saa moja asubuhi mimi na binti mgeni tutaanza na kitanda cha kwanza, mkono kwenye kifundo, macho kifuani, dakika nzima, halafu cha pili. Kama kompyuta itakataa kufungua ukurasa, itatusubiri.